Baada ya matope, sikiliza gari linavyosema

Jumatatu moja asubuhi, hata kabla sijamaliza chai, shemeji yangu alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Shemeji, gari limekwisha," aliniambia.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, aliyoinunua kwa mzee mmoja mstaafu. Magari ya aina hiyo yalitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hivyo hata lile changa kabisa miongoni mwao sasa ni mtu mzima wa miaka 40 au zaidi. Shemeji analipenda gari hilo kupita kiasi. Dada yangu husema kwamba lau lingeweza kupanda ngazi, lingelala sebuleni.

Wikendi hiyo alikuwa amewapeleka watoto Magadi. Si mbali, ni kama kilomita 110 tu kutoka Nairobi, na barabara hupitia Kiserian na Olorgesailie ikiteremka hadi kwenye lile joto la ziwani. Lakini shemeji si mtu wa kutosheka na lami. Walipofika Magadi alipitiliza kuelekea Shompole, na mvua ilikuwa imenyesha. Walikwama kwenye tope mara mbili, wakavuka korongo lililojaa maji yaliyofunika ekseli, watoto wakipiga vigelegele. Jumapili usiku wakarejea nyumbani kwa lami, wote wakiwa rangi moja na gari.

Asubuhi ndipo kilio kikaanza. Usukani ulikuwa mzito kama wa lori. Alipokata kona kwenye lango la mtaa, magurudumu yalilia na gari likawa linarukaruka kana kwamba kuna mtu aliyelishika mkia. Kisha chini ya sakafu kukatoka mlio, "kong!" Fundi wa jirani aliitwa. Fundi huyo hakuinama hata mara moja. Alisikiliza akiwa amesimama, mikono mfukoni, akatoa hukumu: giaboksi imekufa, sharti ishushwe. Bei aliyotaja ilikaribia karo ya muhula mzima ya kijana wa kwanza wa shemeji. Na Jumamosi ile ile ilikuwa siku ya wazazi kumtembelea kijana huyo shuleni kwake, kule Murang'a.

Nilimwuliza shemeji swali moja tu. "Kile kijiti chenye kichwa cha manjano, kiko juu au chini?"

Kimya. Nikasikia mlango wa gari ukifunguliwa.

"Kiko chini," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu mwingine.

Basi hapo, msomaji, ugonjwa wa giaboksi uliishia. Acha nikueleze, kwa maana kama una gari kuukuu la kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, yamkini siku moja utafikwa na haya.

Katika Land Rover za Series, ukikisukuma chini kijiti cha manjano, nguvu ya injini huenda mbele na nyuma kwa pamoja. Gari linapopiga kona, magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope au mchanga hilo si neno, kwa sababu magurudumu huteleza kidogo na kusawazisha tofauti hiyo. Kwenye lami kavu hayawezi kuteleza. Magari haya hayana difu ya katikati ya kugawa mwendo baina ya mbele na nyuma, kwa hivyo vyuma hujisokota vyenyewe kama nguo inayokamuliwa. Usukani huwa mzito, magurudumu hulia, na giya ya pili ya chini hukataa kutoka. Ukiendelea hivyo kwa majuma kadhaa, hapo kweli utavunja kitu, na fundi wa mikono mfukoni atakuwa ametabiri sawasawa.

Dawa yake haina gharama. Simamisha gari kabisa, kanyaga klachi, vuta ule mkono wenye kichwa chekundu hadi nyuma, kisha urudishe mbele. Kijiti cha manjano kitaruka juu chenyewe. Kikikataa, usikipige kwa nyundo! Rudisha gari kinyumenyume mita chache moja kwa moja, au pitisha magurudumu ya upande mmoja kwenye udongo kando ya lami, nayo yale masokoto yatafunguka. Shemeji alirudi nyuma hatua kama kumi mbele ya nyumba yake, kijiti kikaruka, na usukani ukawa mwepesi kama zamani.

Mwenye Land Rover 110 za kuanzia 1983 ana mambo tofauti kidogo. Hizo aghalabu huendeshwa kwa magurudumu manne wakati wote, nazo zina difu ya katikati. Lakini difu hiyo ina kufuli, na ukisahau kuifungua baada ya tope, utapata dalili zile zile. Wa Land Cruiser kuukuu za mfululizo wa 70 zenye hab za kufungwa kwa mkono naye aangalie mambo mawili: giya, kisha hab. Hab zikibaki zimefungwa huku giya imerudishwa kwenye magurudumu mawili, hakuna kisokotacho. Utazungusha tu vyuma bure na kuchoma mafuta.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu nimeona watu wengi wakiuziwa giaboksi ambazo hawakuzihitaji. Mtu akitoka porini na gari linalalamika, kosa kubwa ni kukimbilia kubadilisha vyuma kabla ya kuuliza maswali. Na maswali yenyewe si mengi. Ukisikia mlio, jiulize: je, unafuata kasi ya injini? Lizimike barabarani likiwa limesimama, liwashe tena, kanyaga mafuta kidogo bila giya. Mlio ukija, basi chanzo ki mbele, kwenye injini, klachi au feni. Je, unafuata kasi ya magurudumu? Tafuta barabara tambarare isiyo na magari, toa giya liende lenyewe kidogo. Usifanye jaribio hili kwenye mteremko, nakusihi. Mlio ukiendelea, basi tazama propela shafti, difu au beringi za magurudumu. Je, unakuja ukipinda usukani tu? Basi kaa kwenye ekseli ya mbele. Fundi asiyekuuliza hata swali moja kati ya haya, mlipe maji ya kunywa na umwage kwaheri.

Lakini kabla ya milio, kuna breki. Hapa sina mzaha.

Series III ina breki za dramu kwenye magurudumu yote manne, na dramu hushika maji na tope kama sufuria. Ukishavuka mto, breki zinaweza kukosa kushika kabisa kwa muda. Endesha polepole, ukiwa unakanyaga breki kwa wepesi mara kadhaa, hadi uzisikie zimekauka na kuuma tena. Fanya hivyo pale pale ng'ambo ya mto, si unapoanza kuteremka kuingia Kiserian huku watoto wamelala kiti cha nyuma. Zikikauka lakini zikawa zinasaga kama kinu, kuna mchanga ndani. Dramu zitolewe na kuoshwa, la sivyo mchanga ule utazila pamoja na viatu vyake.

Gari likivutwa upande mmoja unapofunga breki, lala chini utazame upande wa ndani wa magurudumu. Kukiwa na mchirizi wa majimaji, paka kidole na unuse. Oili ya difu ni nzito na ina harufu kali isiyosahaulika, na hiyo maana yake sili ya hab imeachia. Mafuta ya breki ni mepesi, hayana harufu ile, na hubabua rangi ya gari. Ukiyaona hayo, au pedali ikishuka taratibu chini ya mguu wako hata ukiikanyaga imara, gari hilo lisisogee hata kwenda dukani. Fuata pia mabomba membamba yanayopita juu ya ekseli ya nyuma. Jiwe moja la barabara ya Magadi linatosha kulipinda bomba, na mpira wa breki uliochubuliwa na kijiti cha mgunga hukatika siku usiyoitarajia.

Niruhusu nikiri kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, kijana mwenye haraka, nilipata pancha ya gurudumu la nyuma kwenye njia ya vumbi upande wa Kajiado. Nikavuta breki ya mkono, nikaweka jeki, nikainua. Nilikuwa nimetoa nati zote na nimeinuka kuchukua gurudumu la akiba wakati gari lilipoondoka. Lilijongea mbele, jeki ikaanguka, na dramu ikatua ardhini pale pale nilipokuwa nimechuchumaa. Nilikaa kando ya njia kwa muda mrefu bila kusema lolote.

Sababu niliijua baadaye. Breki ya mkono ya magari haya haishiki magurudumu. Inashika propela shafti ya nyuma, pale inapotoka kwenye giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu hilo lililo hewani lizunguke, na mwenziwe lililo chini linaweza kuzunguka upande wa pili. Breki imefungwa kikamilifu, na gari linaondoka! Kwa hivyo weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, ingiza giya ya magurudumu manne, kisha ndipo uguse jeki. Na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kuchungulia tu. Waambie na vijana wako, maana wao ndio hupenda kuchungulia.

Tukirudi kwa shemeji, usukani ulipokuwa mwepesi alinipigia tena jioni. Sasa gari lilikuwa linatetemeka likifika kilomita 60 kwa saa, usukani ukicheza mikononi. Alikuwa tayari kununua beringi. Nikamwambia atwae ndoo ya maji na kijiti, akwangue upande wa ndani wa rimu zote nne. Tope lililokauka upande mmoja wa rimu huyumbisha gurudumu vibaya sana. Alitoa tope la kutosha kupanda sukuma wiki, na mtetemo ukaisha.

Angekuwa na beringi mbovu angeitambua kwa joto na mchezo. Baada ya mwendo wa nusu saa, pitisha kiganja karibu na kila hab bila kuigusa kwanza. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, kuna kitu. Inua gurudumu hilo, kwa utaratibu niliokueleza, ulishike juu na chini ulitikise. Likicheza, ni beringi, au kwa magurudumu ya mbele, pini za kupindia. Likiwa halichezi lakini ni zito kuzunguka, ni breki iliyong'ang'ania.

Mlio wa ndege mdogo chini ya gari, "chwi chwi chwi", unaoongezeka na mwendo, mara nyingi ni ile misalaba ya propela shafti iliyokosa grisi. Maji ya mto huiosha grisi yote. Ukiwahi na bomba la grisi unaponya. Ukichelewa, mlio hugeuka kuwa "kong" kila unapoachia klachi, na siku moja propela itabaki barabarani wewe ukiendelea na safari. Springi nazo huhitaji jicho tu: tazama kama gari limeinama upande mmoja au kama bapa moja limekatika, na ukaze zile bolti zenye umbo la U. Injini ikiwa inakohoa baada ya maji, fungua kofia ya distributa uikaushe kwa kitambaa kikavu kabla ya kulaumu kabureta.

Kuna jambo jingine la watu wa nyasi. Ukipita kwenye mbuga yenye nyasi ndefu zilizokauka, mbegu na majani hujaa kwenye rejeta na kuzunguka bomba la moshi. Rejeta ikiziba, injini huchemka kwenye kilima cha kwanza. Ioshe kwa maji kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili takataka zirudi zilikotoka. Nyasi zilizo juu ya bomba la moshi ni hatari zaidi, kwa kuwa zinaweza kushika moto. Zitoe kila mnaposimama kupumzika. Kazi hiyo wape watoto wenye mikono midogo, bomba likiwa limepoa.

Sasa nifike kwenye lile ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya niketi kuandika. Nilipomwona shemeji anashangilia kwamba gari limepona bure, nilimwuliza kuhusu difu. Akasema difu haina shida, haitoi mlio wowote. Ndiyo hatari yake, nikamwambia.

Ekseli ya gari lililokimbia ni ya moto. Ukiitumbukiza ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta chochote kilicho karibu. Kuna kitundu kidogo cha kupumulia juu ya ekseli, na kikiwa kimezibwa na tope la miaka, ekseli hunyonya maji kupitia kwenye sili. Maji hayo hayatoi mlio siku hiyo, wala juma hilo. Yanachanganyika na oili, oili inapoteza nguvu ya kulainisha, kutu inashika beringi, na baada ya miezi kadhaa difu inaanza kulia kama mbu. Hapo hakuna tena dawa ya bei nafuu, na mwenye gari hakumbuki hata mto wenyewe.

Kulikagua hilo ni rahisi. Liache gari lilale usiku kucha mahali tambarare. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hivyo yatazama chini. Asubuhi, kabla ya kuliwasha, hakikisha kwanza kwamba nati ya juu ya kujazia inafunguka, maana hakuna ujinga kama kumwaga oili yote kisha ukashindwa kuirudisha. Kisha legeza kidogo nati ya chini ya difu. Yakitangulia matone ya maji, umepata jibu. Oili ikitoka nyeupe au ya kijivu, basi imekwisha kukorogwa na maji. Imwage yote, jaza EP 90 mpya hadi ianze kufurika kwenye tundu la kujazia, na uzibue kile kitundu cha kupumulia. Kagua vivyo hivyo difu ya mbele, giaboksi, na zile tufe kubwa zinazong'aa nyuma ya magurudumu ya mbele. Halafu kuna nati ya kuzibia tundu la nyumba ya klachi, ambayo hufungwa kabla ya kuvuka maji. Uliifunga? Basi ifungue, kwa sababu oili inayovuja ikikosa pa kutokea itailowesha klachi.

Jumatano asubuhi shemeji alinitumia picha kwenye simu. Bakuli la plastiki, na ndani yake oili ya difu ya nyuma, rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Difu ya mbele ilikuwa salama, giaboksi ile iliyohukumiwa kifo nayo ikatoa oili safi kabisa. Alimwaga, akajaza, akaendesha kilomita chache, akamwaga tena kusafisha mabaki. Lakini alipotazama gurudumu la nyuma upande wa kushoto, mchirizi ule wenye harufu kali ulikuwepo, ukiwa umeshalowesha viatu vya breki. Sili ilihitajika, pamoja na viatu vipya, na vipuri havikupatikana hadi Jumatatu iliyofuata.

Jumamosi wakapanda matatu kwenda Murang'a, kapu la chapati magotini mwa dada yangu. Land Rover ilibaki uani juu ya magogo, gurudumu moja limetolewa. Kijana alipowaona wakishuka kituoni aliuliza gari liko wapi, na babake akamjibu kwamba limelazwa, lakini daktari amesema ataliruhusu juma lijalo.